Jinsi ya Kusoma na Kuandika Malalamiko ya Kodi na Uwakilishi ya Enzi ya Ukoloni

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa historia, wa mwanafunzi anayeandaa tasnifu, na pia wa mtu yeyote anayetaka kuandika historia ya kijiji au ukoo wake na ambaye amegundua kwamba kila mzee anayemhoji hafiki mbali kabla hajataja kodi. Mifano mingi nimeitoa Kenya kati ya 1901 na 1957, pamoja na mfano mmoja wa Upare katika Tanganyika, kwa sababu huko kumbukumbu ni nyingi na tarehe zinafahamika. Njia yenyewe, hata hivyo, inaweza kutumika popote ambapo dola la kigeni lilitoza watu kodi bila kuwapa nafasi ya kusema lolote juu yake.

Hoja inayoongoza mwongozo huu ni kwamba kodi na uwakilishi visisomwe katika mafaili mawili tofauti. Anayesoma habari za kodi peke yake ataona watu maskini waliolemewa, na atahitimisha kwamba kiwango kingepunguzwa mambo yangetulia. Naye anayesoma habari za mabaraza peke yake ataona wasomi wachache wakigombea viti. Ukivisoma pamoja ndipo utaelewa kwa nini mwanamume aliyeweza kuilipa kodi yake bila shida kubwa alikwenda mkutanoni kuipinga.

Chagua mahali pamoja na miaka michache

Anayeanza kazi ya namna hii hushawishika kueleza kodi ya ukoloni kwa jumla, kuanzia Sierra Leone ya 1898 hadi Natal ya 1906, na matokeo yake huwa ni kurasa nyingi ambazo hazina mtu hata mmoja ndani yake. Chagua wilaya moja na kipindi kifupi, ikiwezekana kisichozidi miaka mitano. Kama bado huna eneo lako, jizoeze kwa Kenya ya 1920 hadi 1924, kwa maana katika miaka hiyo walowezi wa Kizungu, wafanyabiashara wa Kihindi na Waafrika wote walilalamika kuhusu kodi na uwakilishi mbele ya serikali ileile, na kila kundi likapewa jibu la aina yake. Ni nadra historia kumpa msomaji ulinganisho ulio wazi kiasi hicho.

Kwanza andika mfuatano wa matukio kwenye karatasi moja. Kodi ya nyumba iliwekwa kwa kanuni za 1901, na baada ya miaka michache ikafika rupia 3. Mwaka 1910 iliongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba zao, ili vijana nao wasikwepe. Mwaka 1920 kiwango kilipandishwa kutoka rupia 5 hadi rupia 8. Katika mwaka huohuo nchi iliyokuwa himaya, yaani nchi chini ya ulinzi wa Uingereza, ikatangazwa kuwa koloni, na rupia, ambayo kabla ya hapo ilihesabiwa kuwa shilingi 1 na peni 4, ikapewa thamani ya shilingi 2. Baadaye sarafu ilipobadilishwa, zile rupia 8 zilisomeka kama shilingi 16. Kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi, kilikuwa kimeshaanza kutumika, na kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kukibeba pamoja na alama za vidole vyake. Kisha mwaka 1921 bei za mazao zilipoanguka, walowezi walikubaliana kukata mishahara ya vibarua kwa theluthi moja.

Igeuze kodi iwe siku za kazi

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi. Mtu wa leo akisoma "shilingi 16" haelewi kama ni nyingi au ni kidogo, wala kuzibadilisha ziwe fedha za siku hizi hakumsaidii, kwa kuwa mkulima wa 1921 hakuishi kwa kununua kila kitu. Alichokitoa ili apate fedha ya kodi kilikuwa muda wake, mifugo yake, au sehemu ya mavuno yake. Basi tafuta mshahara wa kibarua wa eneo lako kwa mwaka husika, kisha uliza ilimlazimu afanye kazi siku ngapi kabla ya kulipa kodi ya nyumba moja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme, kwa ajili ya kuonyesha tu, kwamba kibarua alikuwa akipata shilingi 12 kwa tikiti, yaani kadi ya kutilia alama siku alizofanya kazi, ya siku 30 za kazi. Kodi ya shilingi 16 ilimtaka afanye kazi siku 40. Mshahara ukikatwa theluthi moja na kuwa shilingi 8, kodi ileile inahitaji siku 60. Sasa fika mwaka 1922, wakati serikali ilipoitikia maandamano kwa kuishusha kodi hadi shilingi 12, jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulitaja kama ushindi. Kwa mshahara wa shilingi 8, kodi hiyo "iliyopunguzwa" ni siku 45. Maana yake ni kwamba kibarua ambaye mshahara wake ulikatwa kweli alibaki na mzigo mzito kuliko aliokuwa nao kabla ya kukatwa, na jambo hilo haligeuki hata ukiweka mshahara mwingine wowote pale mwanzoni, kwa sababu ukataji wa theluthi moja unazidi punguzo la robo moja. Serikali ilitoa kwa mkono mmoja sehemu tu ya kile ambacho waajiri walikuwa wamekwisha kukichukua kwa mkono mwingine.

Zingatia pia kwamba tikiti ilihesabu siku 30 za kazi, si mwezi wa kalenda. Siku ya mvua, siku ya homa, na siku ambayo msimamizi alikataa kuitia alama hazikuhesabiwa. Kwa hiyo unapoandika "mwezi mmoja na nusu wa kazi", eleza ni mwezi wa nani.

Katika hatua hii utakutana na swali kama kodi ilikusudiwa kukusanya fedha au kusukuma watu mashambani. Hulazimiki kuchagua jibu moja. Tume ya kazi ya 1912 na 1913 nchini Kenya ilisikiliza mashahidi wa walowezi, Lord Delamere akiwa miongoni mwao, waliotaka wazi kwamba sera za serikali, ikiwemo kodi, zitumike kuwatoa Waafrika kwenye maeneo yao waende kutafuta ajira. Azma ya pili haikuwa siri iliyofichuliwa na wanahistoria wa baadaye; ilisemwa hadharani, ikaandikwa na kuchapishwa.

Uliza ni kitu gani hasa kilichotozwa

Kiwango ni nusu tu ya habari, na nusu nyingine ni kile kinachohesabiwa. Katika Kenya kilichohesabiwa kilikuwa nyumba, yaani kila banda la makazi. Mwanamume mwenye wake watatu, kila mmoja akiwa na nyumba yake kama ilivyokuwa desturi, alilipa mara tatu. Nyumba ya mjane iliingizwa katika hesabu ya ndugu aliyemrithi, au mjane mwenyewe akadaiwa. Familia zilijibu kwa kusongamana katika nyumba chache, jambo lililogongana na adabu ya nyumbani kuhusu nani alale karibu na nani, na kwa hiyo malalamiko ambayo karani wa serikali aliyaona kuwa ya fedha yalikuwa pia malalamiko ya heshima. Ndiyo sababu suala la nyumba za wanawake lilirudi tena na tena, hata likawa miongoni mwa madai ambayo Jomo Kenyatta aliyapeleka London mwaka 1929 kwa niaba ya Kikuyu Central Association, chama cha siasa cha Wakikuyu, sambamba na ardhi, elimu, na wajumbe wa Kiafrika wa kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria.

Mfano wa Upare unaonyesha jambo hili vizuri zaidi, na hapa inafaa tukae kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 watawala wa jadi wa Upare, kwa kuungwa mkono na serikali ya Waingereza, walianzisha kodi ya ngazi iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu alitakiwa kulipa kulingana na mali yake. Kwenye karatasi ilikuwa kodi ya haki kuliko ile ya kiwango kimoja, kwani tajiri angelipa zaidi ya maskini, na maofisa walishangaa kwa nini watu hawakuipokea. Lakini aliyekadiria mali alikuwa mtawala na washauri wake, na mwananchi hakujua ng'ombe wake au mibuni yake imegeuzwaje kuwa shilingi, wala hakuwa na pa kukata rufaa palipomtosheleza. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi huko. Wanawake nao waliingia katika mapambano hayo, wakiwaunga mkono waume zao na kuwakabili viongozi waziwazi. Walichokataa hasa kilikuwa namna ya kukadiria, wala si wajibu wa kulipa kodi. Hatimaye kodi hiyo iliachwa.

Ukikutana na mgogoro wa aina hiyo katika eneo lako, usimpuuze ofisa aliyeandika kwamba kodi ilikuwa ndogo na ya haki. Huenda alisema kweli kuhusu kiwango. Hakuona tu kwamba ukadiriaji ni tendo la kiserikali linalohitaji ridhaa.

Chora meza, kisha andika waliokaa

Chukua karatasi nyingine, upande mmoja uandike nani alilipa kodi gani, na upande wa pili nani alikaa katika chombo kilichoipitisha. Kwa Kenya chombo hicho ni Baraza la Kutunga Sheria, lililoanza mwaka 1907 likiwa na wajumbe walioteuliwa na gavana. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee alikuwa Mhindi wa kwanza kuteuliwa humo. Mwaka 1920 walowezi wa Kizungu, ambao walikuwa watu elfu chache tu, walipata haki ya kuchagua wajumbe 11. Waraka wa serikali ya Uingereza wa 1923, unaojulikana kwa jina la waziri wa makoloni, Duke wa Devonshire, ulitamka kwamba Kenya kimsingi ni nchi ya Kiafrika na kwamba maslahi ya Waafrika lazima yatangulie; kisha, baada ya tamko hilo zito, ukawapa Wahindi viti 5, Waarabu kiti 1, na Waafrika wakapewa mmishonari mmoja wa kuwasemea. Aliyeteuliwa mwaka 1924 alikuwa Dkt. John Arthur wa misheni ya Kanisa la Scotland. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944, na Waafrika wa kwanza kuchaguliwa, wanane kwa idadi, waliingia Machi 1957. Hata hapo kura ilitolewa kwa masharti ya elimu, kipato, mali na utumishi, kiasi kwamba mtu mmoja angeweza kuwa na kura hadi 3 na jirani yake, mlipa kodi vilevile, asiwe na hata moja.

Kisha uweke jambo moja juu ya karatasi hiyo. Serikali ilipokuwa ikiwaongezea Waafrika kodi mwaka 1920, ilianzisha pia kodi ya mapato ambayo ingewagusa walowezi na wafanyabiashara. Walowezi waliipinga kwa nguvu, ndani ya baraza na nje yake, wakitumia hoja ambayo wenyeji wa makoloni ya Marekani waliitoa dhidi ya Bunge la London tangu sheria ya stempu ya 1765, kwamba hapatozwi kodi pasipo uwakilishi, ingawa wao sasa uwakilishi walikuwa nao. Kodi ya mapato ilifutwa mwaka 1922 na haikurudi hadi 1937. Sehemu ya pengo lililobaki ilizibwa kwa ushuru wa bidhaa kutoka nje, ambao kila mnunuzi wa shuka au jembe aliulipa bila kujua.

Mwaka huohuo wa 1922, tarehe 14 Machi, Harry Thuku, kijana aliyeongoza malalamiko ya Waafrika kuhusu kodi, alikamatwa Nairobi. Tarehe 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akawatia hamasa wanaume waliokuwa wakisitasita, na polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa. Hesabu za wengine ni kubwa zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu na hakurudi nyumbani mpaka mwishoni mwa 1930. Ukiyaweka matukio haya mawili kwenye mstari mmoja, msomaji wako hatahitaji maelezo marefu kuhusu maana ya kiti ndani ya baraza.

Wahindi nao wana mstari wao. Baada ya waraka wa 1923 kuwanyima orodha moja ya wapiga kura pamoja na Wazungu, kongamano lao lililokutana Mombasa mapema mwaka 1924, likiongozwa na Sarojini Naidu kutoka India, liliazimia kutoshirikiana na serikali, na kukataa kulipa kodi ya kichwa kukawa sehemu ya kampeni hiyo. Silaha ya kutolipa ilikuwa na makali kwa mwenye duka kuliko kwa mkulima, ambaye angechukuliwa mbuzi wake siku hiyohiyo.

Soma waraka wa malalamiko kama safari

Ukipata barua, simu ya maandishi (telegramu) au azimio, usianze na madai. Anza kwa kuuliza nani aliandika, kwa lugha gani, kwa msaada wa nani, ulielekezwa kwa nani, na ulipita ofisi zipi. Njia uliyopita waraka mara nyingi hueleza mengi kuliko maneno yake.

Simu ya maandishi ya Thuku ya Julai 1921 ndiyo mfano bora. Thuku alikuwa opereta wa simu katika Hazina ya serikali huko Nairobi, kwa hiyo alifanya kazi chini ya paa la idara iliyopokea kodi aliyoilalamikia. Alisaidiwa na Wahindi wa Nairobi, hasa M. A. Desai, na badala ya kupeleka malalamiko kwa chifu, kisha kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa gavana, aliyatuma moja kwa moja London. Kazi ya Hazina ilimtoka. Machifu waliokasirika hawakukasirishwa na hoja ya kodi, ambayo wengi wao walijua ni ya kweli. Walikasirika kwa sababu kijana asiye na cheo alikuwa amewaruka na kusema kwa niaba ya watu ambao serikali ilidai wanasemewa na machifu. Huo ulikuwa mgogoro wa uwakilishi ndani ya jamii yenyewe, na ni vibaya kuufuta kwa kuwaita machifu wote vibaraka.

Upande wa Nyanza, mkutano wa Lundha, Gem, wa tarehe 23 Desemba 1921 ulizaa Young Kavirondo Association, ambayo wananchi waliijua kama Piny Owacho, yaani nchi imesema, na mwenyekiti wake alikuwa mwalimu Jonathan Okwiri. Madai yao yalichanganya kodi, kipande, hati za ardhi, shule ya serikali, chifu mkuu na baraza lao wenyewe, pamoja na kuirudisha nchi kwenye hadhi ya himaya. Msomaji mwenye haraka ataona orodha isiyo na mpangilio. Soma tena, utaona kwamba kila dai linajibu swali lilelile la nani ana mamlaka ya kuamua juu ya mwili, ardhi na mfuko wa mtu. Gavana Edward Northey alikutana nao mwaka 1922, jambo ambalo Thuku hakulipata.

Kilichofuata kinastahili kusomwa kwa makini zaidi. Mwaka 1923 Arkidikoni Walter Owen wa misheni ya Kianglikana alikubali kuwa rais wa chama hicho, na jina likabadilishwa kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, chama cha ustawi wa walipa kodi. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Wengi huona hapo mwisho wa siasa, na kweli makali yalipungua. Hata hivyo jina lilibeba dai ambalo panya hawakulimaliza: mtu anayejiita mlipa kodi amesema tayari kwamba serikali inamdai na yeye anaidai serikali. Malalamiko ya baadaye kuhusu kodi kuzidi huduma zilizorudi kwa wananchi yalisimama juu ya msingi huo, na mwaka 1932 hata Lord Moyne, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza fedha za Kenya, alikubali kwamba Waafrika walikuwa wakichangia zaidi ya walichorudishiwa.

Pale ambapo hapakuwa na waraka

Wilaya nyingi hazina simu wala azimio. Kutokuwepo kwa karatasi kusikufanye uandike kwamba watu walitii. Tafuta malalamiko katika vitendo, kama vile kuhamia wilaya nyingine wakati wa kuhesabu nyumba, kuficha mifugo, kula kiapo, au kukataa kumpa chakula msafara wa mtoza kodi. Kwa Wagiriama, serikali ilipoongeza shinikizo la kodi na vibarua baada ya ofisa Arthur Champion kupangiwa eneo hilo mwaka 1912, Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji na kuwakusanya watu Kaya Fungo, makao yao matakatifu msituni, ambako viapo viliwafunga wasishirikiane na serikali. Alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali hadi Kisii, wakatoroka na kurudi pwani kwa miguu. Mwaka 1914 serikali iliiharibu kaya kwa moto na baruti. Kwa mtafiti, kaya ilikuwa chombo cha uwakilishi: mahali ambapo wazee walikuwa na haki ya kusema kwa niaba ya wote. Serikali ilikivunja kwa kuwa ilikitambua.

Nyaraka na wazee

Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka iliyoko Moi Avenue, Nairobi, ina ripoti za mwaka za wilaya na majimbo, na pia taarifa za kukabidhiana ofisi. Hizi za kukabidhiana ni bora kuliko ripoti za mwaka, kwa kuwa ofisa anayeondoka humwambia mwenzake mambo ambayo hamwambii gavana. Dar es Salaam na Zanzibar nako kuna hifadhi za taifa. Barua kati ya Nairobi na London zimo katika hifadhi ya Uingereza iliyoko Kew, mfululizo wa CO 533 kwa Kenya na CO 691 kwa Tanganyika. Mijadala ya Bunge la Uingereza inapatikana bure kwenye intaneti, nayo serikali ya Uingereza ilichapisha nyaraka kuhusu mauaji ya Nairobi mwaka huohuo wa 1922. Soma kila ripoti ukijua kwamba ofisa alipimwa kwa kiasi cha kodi alichokusanya, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuandika kwamba ukusanyaji ulikwenda vizuri.

Kwa wazee, nenda na mtu anayefahamika pale nyumbani, amkia inavyopasa, na usitoe daftari kabla hujaulizwa umefuata nini. Usianze na miaka, wala na neno uwakilishi. Uliza kodi ililipwa wapi, nani alikaa mezani, nani alisimama, na mtu aliyekuja bila fedha alifanywa nini. Uliza mbuzi aliuzwa kwa nani na kwa bei ya nani, maana mara nyingi mnunuzi alikuwa jamaa wa mtoza kodi. Tarehe utaziweka wewe mwenyewe baadaye kwa kulinganisha na matukio yanayojulikana: homa kubwa ya baada ya Vita vya Kwanza, kubadilishwa kwa rupia, nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wahoji wanawake peke yao, kwa kuwa nyumba iliyohesabiwa ilikuwa yao na mara nyingi mume hakuwepo siku ya kuhesabu. Uliza pia kama kuna stakabadhi za kodi. Familia nyingi zimezitunza katika masanduku pamoja na vipande na vyeti vya ubatizo, kwani asiyeweza kuonyesha stakabadhi angeweza kukamatwa njiani, na woga huo uliishi muda mrefu kuliko kodi yenyewe.

Unapoandika

Weka hesabu ya siku za kazi karibu na mwanzo, si kwenye kiambatisho, na onyesha ulivyoipata ili mwingine aweze kuirekebisha. Takwimu mbili zinapogongana, kama za waliouawa Nairobi, zitaje zote na useme kila moja ilitoka kwa nani. Usimpe mtu wa 1921 maneno ya 1957. Thuku hakudai uhuru wa nchi katika simu yake, na Piny Owacho walitaka himaya, yaani walitaka Mwingereza wa aina nyingine kabla ya kutaka asiwepo. Majina ya machifu na watoza kodi wa eneo lako yaandike ikiwa yamo katika kumbukumbu za serikali. Yale uliyoyapata kwa mdomo tu, na ambayo wajukuu wao wanaishi kijiji hichohicho, yafikirie mara mbili kabla ya kuyachapisha.

Rasimu ikiwa tayari, rudi nayo uwasomee wale waliokusimulia, kwa sauti, kwa lugha wanayoitumia nyumbani. Watakusahihisha majina ya mito na ya mashamba, na pengine watabishana wao kwa wao kuhusu nani alikuwa karani mwaka ule. Andika ubishi huo pia. Piga picha za stakabadhi zilipo, uzirudishe siku hiyohiyo, na uache nakala moja ya kazi yako pale kijijini, kwa mtu ambaye wengine wanaweza kumwendea kuisoma.